Hatuumbi, Tunaunda

Barua ilifika siku ya tatu baada ya maziko ya Bibi Subilaga, na ndani yake Ipyana aliitwa kifaa.

Tupokigwe aliisoma akiwa amesimama mlangoni, miwani imemshuka puani, kisha akairudia kana kwamba kusoma mara ya pili kungeyabadilisha maneno. Kifaa kilichotajwa hapo juu kilisajiliwa kwa kusudi la kumtunza mama mzazi wa msajili hadi kifo chake. Kusudi hilo limekwisha. Kifaa kirejeshwe udongoni ndani ya siku kumi na nne, au msajili afike ofisini kutoa tamko. Chini palikuwa na muhuri wa Ofisi ya Makusudi na sahihi ya Bwana Chengula, yule yule aliyeimba sauti ya nne kwenye maziko na kula wali wa matanga hapo hapo uani.

Ipyana mwenyewe alikuwa uani, akifua shuka za marehemu. Hakuna aliyemtuma. Kwa miaka minne alikuwa akizifua kila asubuhi, na asubuhi hiyo pia alizitoa kabatini zikiwa safi, akazitia kwenye beseni na kuanza kuzisugua. Tupokigwe alimtazama. Akaikunja barua na kuitia chini ya kitambaa cha meza, mahali ambapo watu wa nyumba ile walificha kila kitu na kila mtu alipajua.

"Inanihusu," Ipyana alisema bila kugeuka.

"Ni karatasi za serikali tu."

"Ndiyo. Zinanihusu."

Aliikamua shuka kwa mikono ile ambayo Tupokigwe aliifinyanga mwenyewe, kidole baada ya kidole, na kuianika kambani pembe kwa pembe, kama Bibi alivyotaka.

Hapo Ilwali, kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya ziwa na milima ya Ukinga, watu walikuwa wamewazoea waundwa. Miaka ishirini nyuma homa ilipita ikawachukua vijana, ikawaacha wazee wamekaa vibarazani bila mtu wa kuwapa hata kikombe cha maji. Ndipo wahandisi walipokuja na mitambo yao. Walichukua udongo wa ufukweni, wakauchanganya na chachu, yaani donge lililo hai ambalo waliliotesha kwenye matangi, na mtambo ukaupanga mchanganyiko huo tabaka juu ya tabaka mpaka ukawa mifupa na nyama. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye nyuso. Nyuso za mtambo zilitoka laini mno, hazina kosa hata moja, na wagonjwa walipoziona waligeukia ukutani. Wahandisi wakakuna vichwa. Mwishowe mmoja wao alimwona mwanamke wa Kikisi akifinyanga chungu bila gurudumu, anakizungusha kwa kiganja na kukikwangua kwa kigae cha kibuyu, akamwomba ajaribu pua moja tu.

Mwanamke huyo alikuwa Tupokigwe. Tangu siku ile hakufinyanga chungu tena. Nyuso zaidi ya mia mbili zilitoka mikononi mwake, na kila moja aliiachia kasoro ndogo, jicho moja chini kidogo ya lingine au mdomo uliopinda, ili mgonjwa apate mahali pa kumzoea.

Kila muundwa aliandikiwa kusudi moja, si mawili. Watu waliogopa siku ambayo waundwa wangezagaa mitaani bila mwenyewe, kwa hiyo sheria ilisema kusudi likiisha, muundwa naye anaisha. Hakuhitajika askari wa kuisimamia sheria hiyo. Chachu ilitaka kuongezwa tone moja kila baada ya siku kumi, na matone yalitoka Ofisi ya Makusudi peke yake. Muundwa aliyetoroshwa alianza kupasuka kama udongo wa jua kali, kuanzia viganjani, na alikuwa akisikia maumivu yote mpaka mwisho. Tupokigwe alishaona mmoja. Hakutaka kuona wa pili.

Jambo moja kumhusu lilijulikana karakana nzima ya wahandisi. Mgeni akija, akashangaa, akasema huyu mmemuumba kweli kweli, Tupokigwe aliweka chini kigae chake na kumsahihisha. "Hatuumbi, tunaunda," alisema. "Mungu peke yake ndiye anayeumba." Alilisema kwa wahandisi, kwa wakaguzi, kwa mkuu wa wilaya mbele ya wapambe wake. Vijana wa karakana walimpachika jina la Mama Tunaunda, naye alijua na hakujali. Hata mama yake, akiwa kitandani hajiwezi, alisahihishwa. Bibi Subilaga alikuwa amemwambia Ipyana kwamba ameumbwa na mikono mizuri, na binti yake akamkatiza kutoka jikoni.

"Unasikia huyo?" Bibi alimwambia Ipyana. "Hata mimi niliyemzaa ananitia adabu. Mwite mama tu, umkomeshe."

"Mimi si mama yake," Tupokigwe alijibu. Hakuwa na mtoto, na watu walikuwa wameacha kumwuliza. Ipyana akaendelea kumwita Fundi. Jina Ipyana, yaani neema, alipewa na Bibi, kwa kuwa wa karakana walikuwa wamempa namba tu.

*

Jumapili iliyofuata Tupokigwe alifundisha watoto kama kawaida. Alikuwa amefundisha shule ya Jumapili miaka thelathini, katika chumba kile kile cha pembeni mwa kanisa chenye ubao uliokwaruzika, na somo la siku hiyo lilikuwa kuumbwa kwa mwanadamu. Ipyana aliketi benchi la nyuma. Zamani alikuwa akimbeba Bibi mpaka ibadani, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia asije tena, alikuja.

Tupokigwe alilipenda somo hilo kuliko yote. Aliwaambia watoto kwamba mwanga, na nyasi, na samaki, Mungu alivisemea tu, vikawa. Lakini alipofika kwa mtu hakusema tu. Aliinama. Hapo Tupokigwe naye aliinama mbele ya darasa, goti likalia, watoto wakacheka. Aliokota mavumbi, akayalowanisha, akayafinyanga kwa mikono yake mwenyewe, kucha zikaingia udongo. Kisha akakaribia, karibu kama mama anavyomkaribia mtoto anayetaka kumbusu, akampulizia pumzi yake puani. Hakumpa pumzi nyingine yoyote, alimpa ile yake. Ndiyo maana mtu ana sura ya Mungu, mkubwa kwa mdogo, mzima kwa kilema.

Msichana mmoja aitwaye Tumpale akauliza kama Mungu alikuwa mpweke. Tupokigwe akasema hapana, Baba na Mwana na Roho hawakuwahi kukosa wa kuzungumza naye. Tumpale akauliza basi alitaka wafanyakazi wa bustani. Mwalimu akasema mtu alipewa bustani ailime na kuitunza, ni kweli, lakini aliyeipanda alikuwa Mungu, na angeweza kuitunza bila jasho la mtu.

"Basi alituumba kwa nini, kama alikuwa na kila kitu?"

"Kwa sababu alipenda."

Jibu hilo lilikuwa likiwatosha watoto tangu Tupokigwe akiwa na nywele nyeusi. Lakini mkono uliinuka benchi la nyuma, na watoto wote wakageuka.

"Alimpenda nani?" Ipyana aliuliza. "Walikuwa hawajakuwepo."

Tupokigwe alipitisha macho ubaoni kana kwamba jibu liliandikwa hapo na mtu akalifuta. Miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Aliwapenda kabla hawajakuwepo," alisema mwishowe. "Ndiyo maana wakawepo."

Alisikia maneno yakimtoka na akaona mwenyewe kwamba yalikuwa ya kweli, nayo yakamwogopesha, kwa sababu alijua Ipyana angeyabeba mpaka nyumbani.

Aliyabeba. Njiani, walipokuwa wakipita kwenye migomba ya usharika, alimwuliza kusudi lake yeye, Fundi, lingeisha lini. Tupokigwe akamweleza jinsi alivyofundishwa, kwamba mtu ameumbwa amjue Mungu, ampende, akae naye, na hayo hayana mwisho, hata kifo hakiyamalizi.

"Langu lilikwisha Jumanne," Ipyana alisema.

Hakulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya gulio, na hilo ndilo lililomchoma Tupokigwe. Angelia, angalau Tupokigwe angekuwa na la kumwambia.

Walitembea hatua kadhaa. Kisha Ipyana akasema jambo ambalo Tupokigwe alidhani linajulikana na yeye na Mungu tu. Alisema kumbukumbu yake ya kwanza ni harufu ya tangawizi.

Siku ya kumwamsha Ipyana umeme ulikatika. Kwa kawaida pumzi ya kwanza ilitolewa na pampu. Makanisa yote yalikuwa yamesimama kidete kuhusu jambo hilo, kwamba mtu asithubutu kumpulizia muundwa kwa mdomo, na wahandisi wakakubali upesi kwa sababu pampu ilikuwa rahisi. Umeme ulipokatika, pampu ilizima katikati ya kazi, kifua kimeanza kupanda na hakijapanda vizuri. Wahandisi walitimka kwenda kuwasha jenereta. Tupokigwe alibaki peke yake na uso alioufinyanga wiki nzima, uso uliokuwa ukigeuka rangi. Aliinama, akaweka mdomo wake kwenye ile pua, akapuliza. Alikuwa ametoka kunywa chai ya tangawizi. Jenereta lilipowaka Ipyana alikuwa tayari amefumbua macho, na Tupokigwe akasema pampu ilijirudia yenyewe.

Alitubu jambo hilo mara nyingi kuliko dhambi nyingine yoyote. Alijiona kama mtu aliyeiba madhabahuni.

"Ulijua siku zote?" alimwuliza.

"Nilijua. Sikutaka kukuaibisha."

*

Tamko lilikuwa njia moja tu iliyobaki. Sheria ilikuwa na madaftari mawili, la Vifaa na la Viumbe. Msajili wa muundwa aliweza kufika mbele ya afisa na kusema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba huyu si kifaa. Kusema hivyo kulitosha. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alisema tu, huyu ni mdogo wangu, akarudi naye nyumbani. Lakini mwanzoni mawakili walikuwa wakiwakaririsha watu majibu, kwa hiyo sheria ikarekebishwa. Afisa aliuliza swali moja, kwa namna aliyoona yeye inafaa, bila mtu kulijua mapema. Kinasa sauti kilichukua jibu la kwanza. Hakukuwa na la pili, wala rufaa.

Tupokigwe alikwenda kwa Mchungaji Mwangomale na kumweleza mkasa wote, hata tangawizi. Mchungaji alikuwa mtu mwepesi wa kusema hajui, na alisema hajui. Alimwambia sinodi imelijadili suala la waundwa miaka sita na kuzaa kamati. Tupokigwe akasema shida yake si sinodi. Shida yake ni kwamba anamtaka Ipyana aishi, anamtaka mpaka hali chakula, na papo hapo hawezi kusimama mbele ya watu akajitia kazi ya Mungu. Akisema Ipyana ni kiumbe, atakuwa amesema yeye ni muumba. Afadhali afe yeye.

Mchungaji alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Mama yako alikuzaa," alisema. "Alikuumba?"

"Hapana."

"Na wewe ni kiumbe?"

"Ndiyo."

"Basi."

Tupokigwe alikaa pale akilitafuna neno hilo, na polepole kifua kikamfunguka. Mama alimtia joto, akamlisha, akampa pua yake na hasira zake, na hata siku moja hakuna aliyesema Bibi Subilaga amechukua nafasi ya Mungu. Mchungaji akaongeza kwamba hana hakika na lolote, ila Mungu aliyetumia mavumbi hawezi kushindwa kutumia mikono. Mikono na mavumbi havitofautiani sana, alisema.

Alirudi nyumbani akiwa na sentensi moja, akairudia njia nzima. Mungu amemuumba, mimi nilikuwa mikono tu. Alimwambia Ipyana, na Ipyana akamwomba airudie tena, kisha akaingia kuchemsha maharage akiwa anaimba. Kwa siku nne nyumba ile ilikuwa na furaha ambayo iliwafanya wote wawili waone haya mbele ya msiba.

*

Ijumaa asubuhi walifika ofisini mapema. Ipyana alivaa koti la marehemu babu, limemfika kwenye mapaja. Bwana Chengula aliwakaribisha, akamwuliza Tupokigwe hali ya nyumbani na kumpa kiti kizuri, kisha akawasha kinasa, kisanduku cheusi chenye taa moja ya kijani. Taa ikiwaka, kinasikiliza. Ikizima, kimepata jibu.

Chengula hakuwa mtu mbaya. Baadaye ilijulikana kwamba wiki nzima alikuwa akilitunga swali lake. Sheria ilimkataza kudokeza jibu, haikumkataza kuchagua maneno. Alitaka kumfungulia mlango kiasi kwamba hata mtu mwenye kigugumizi angepita. Asingesema hiki, angesema huyu. Asingesema kuunda. Angetumia lile neno kubwa mwenyewe, aliweke ndani ya swali, ili mama wa watu abaki na kutaja siku tu.

Aliuliza jina, akauliza mahali, akasoma namba ya usajili. Kisha akakohoa, akamtazama Tupokigwe machoni.

"Mwalimu Tupokigwe, huyu Ipyana ulimuumba siku gani?"

"Hatuumbi, Bwana Chengula," Tupokigwe alisema. "Mungu peke yake ndiye anayeumba. Sisi tunaunda."

Taa ikazima.

Ilitoka laini, bila kukwama, kama ilivyotoka mbele ya wakaguzi na mkuu wa wilaya. Alikuwa hata ameinua kidole. Alikiona kidole chake hewani kabla hajaelewa alichokifanya. Akaanza kusema ile sentensi nyingine. Mungu amemuumba, mimi nilikuwa mikono tu, mikono tu, sikiliza, hilo ndilo jibu langu, washa kisanduku chako. Aliisema mara tatu au nne. Alikishika kisanduku na kukitikisa. Chengula alikuwa amevua miwani na kufunika uso kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema, "nilikuwa nakusaidia."

Ipyana alimtoa Tupokigwe mikono kwenye kinasa, taratibu, kama alivyozoea kuitoa mikono ya Bibi kwenye blanketi.

"Amesema kweli," alimwambia Chengula. "Hakusema uongo."

Tupokigwe alitamani amtukane. Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba ni ulimi tu, ulimi umeteleza, mazoea ya miaka. Lakini alipofika mlangoni kwake alikosa uhakika. Huenda ulimi haukuteleza. Huenda ulisema alichokiamini muda wote, na ile sentensi ya Mchungaji ilikuwa nguo ya kuazima ambayo haikuwa imemkaa bado. Hilo lilimtesa kuliko kosa lenyewe, na hakupata mtu wa kumwuliza.

*

Sheria ilisema mkono uliounda ndio urudishe. Jumatatu asubuhi karakana iliwapa chumba cha mwisho, chenye dirisha la upande wa milima na beseni refu la zege lililojaa maji ya ziwa. Vijana waliokuwa wakimtania Mama Tunaunda walisimama nje. Mmoja alikuwa amepasha maji moto yasije yakawa baridi.

Ipyana alikunja koti la babu na kuliweka kwenye kiti. Akaketi ukingoni mwa beseni, miguu ndani ya maji, mgongo kwa Tupokigwe. Chini ya kisogo palikuwa na lakiri ndogo, kizibo cha udongo mgumu. Ikitolewa, usingizi ungemchukua, na maji yangefanya yaliyobaki bila maumivu.

"Fundi," alisema, "Mungu alijua kwamba watu watamhuzunisha?"

"Alijua."

"Kabla hajaanza?"

"Kabla hajaanza."

"Na akafanya hivyo hivyo." Aliyachezesha maji kwa kidole cha mguu. "Na wewe? Ulinipenda kabla sijakuwepo?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakukuwa na kinasa humo ndani, na neno dogo lile lingempeleka usingizini akiwa na furaha. Tupokigwe alifungua mdomo alitamke, akashindwa.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Mama alitaka kugeuzwa kila baada ya saa mbili, na mgongo wangu ulikuwa umekufa. Nilihitaji mtu wa kumgeuza. Nilikuunda kwa ajili hiyo, basi. Nilikupenda baadaye."

"Lini?"

"Sijui. Mwaka wa pili. Ulipomkatalia yule mwuguzi aliyemsemesha mama ovyo."

Ipyana alicheka kidogo. "Na mimi niliona mwaka huo huo. Nikadhani wewe mwenyewe hujui."

"Nilikuwa sijui."

Alimwomba amshike kwanza. Tupokigwe akamkumbatia kutoka nyuma, shavu lake kwenye kisogo chake, wakakaa hivyo mpaka mtu mmoja nje akakohoa. Kisha alitoa lakiri. Ipyana aliegemea, akawa mzito, naye akamshusha majini, mkono wake chini ya kichwa ili uso ubaki juu kwa muda. Uso ndio uliokwenda mwisho. Jicho la kushoto, lile aliloliweka chini kidogo ya la kulia, lililainika, na mdomo ukafuata, na Tupokigwe alilia kwa sauti kubwa bila kujali nani anasikia.

*

Kwa kawaida udongo uliorudishwa ulikuwa mali ya karakana, nao ulichanganywa tena kwa kazi nyingine. Lakini Bwana Chengula aliandika kwamba udongo wa Ipyana umeharibika, haufai, utupwe. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika miaka kumi na tisa ya utumishi, na aliusaini kwa jina kamili.

Siku hiyo hiyo Tupokigwe aliusukuma kwa toroli mpaka makaburini na kuanza kuchimba pembeni mwa kaburi la mama yake, ambalo lilikuwa bado bichi. Jua lilikuwa kali. Hakumwomba mtu ruhusa. Alipokuwa amefika kina cha goti, Mchungaji Mwangomale alikuja bila joho, ameshika kitabu kikubwa cha mazishi kwapani, akakiweka kwenye nyasi na kuchukua jembe kutoka mikononi mwake. Alichimba sehemu iliyobaki. Wakamimina udongo, wakafukia, wakasimama.

Mchungaji hakusoma ibada. Kamati ilikuwa haijamaliza kazi yake, na alisema hivyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. Lakini kitabu cha mazishi, alisema, hakiiulizi kamati kitu. Kinataka kujua tu nani amelazwa hapa. Alikaa chini, akakifungua magotini na kuchomoa kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika Ipyana. Kisha kalamu ikafika kwenye safu inayofuata, na kwa mazoea ya kazi, bila kuwaza, akauliza kama alivyowauliza wafiwa wote.

"Mtoto wa nani?"

"Wangu," Tupokigwe alisema. "Andika mtoto wangu."

Mchungaji aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye kitabu na kuandika polepole. Lilikuwa jibu la kwanza lililomjia. Lilikuwa limechelewa siku tatu.